Anayekalia Mkono wa Trela

Pijo ya Kilonzo, pikapu ya zamani, ilizimika katikati ya mlima wa Valley Road saa nne na robo, Jumatatu asubuhi, wakati kila mwenye gari Nairobi alikuwa na haraka ya kupita papo hapo. Haikuzimika kwa heshima. Kwanza magurudumu ya nyuma yaliteleza yakilia juu ya lami kavu, kisha trela likaanza kuyumba kushoto na kulia, kisha injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

"Jiwe!" Kilonzo alipiga kelele.

Mzee Hezekiah alikuwa ameshafungua mlango. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, shemasi kanisani na mpakiaji siku za kazi, na alisafiri na jiwe lake katikati ya miguu kama mtu mwingine anavyosafiri na kikapu. Alizunguka mbio na kulisukuma nyuma ya gurudumu la trela. Kanyiva, mke wa Kilonzo, aliyekuwa amekaa kati ya wanaume hao wawili, alishuka na jiwe la pili akaliweka upande wa pili. Hakuna aliyehitaji kuambiwa la kufanya. Hilo ndilo lililomuudhi Kanyiva zaidi: kwamba walikuwa wamezoea.

Trela lilikuwa limebeba viti mia mbili vya plastiki na mahema matatu. Walikuwa wanatoka Parklands kwenye arusi ya jana, wanarudi kwao Jamhuri. Magari yaliyokuwa nyuma yao yalipiga honi. Utingo mmoja alining'inia mlangoni mwa matatu akapaza sauti, "Mzee, hiyo gari imefunga na kuomba, ama?"

Abiria wakacheka. Kilonzo alifunga kifungo cha juu cha shati lake, jambo alilofanya kila alipoaibika.

Aliyewaokoa alikuwa mtu mbaya kuliko wote wa kuokolewa naye. Canter nyeupe ilisimama mbele yao, ubavuni imeandikwa MAHEMA NA VITI, SHEREHE ZOTE, na dereva wake, kijana mtaratibu mwenye kofia ya sufu, akashuka na mnyororo.

"Shikamoo, mzee. Toa trela kwa pikapu, mimi nitaivuta hadi juu. Pikapu ikiwa peke yake itapanda."

"Marahaba," Kilonzo alisema kwa shida.

Kwa kawaida hakuna aliyethubutu kuchomoa pini kabla Mzee Hezekiah hajakalia mkono wa trela, ile pembe ndefu ya chuma ya mbele inayoshikana na ndoano ya pikapu. Hezekiah hukalia kwanza, Kilonzo huchomoa pini, halafu Hezekiah hushuka polepole, chuma kikipanda pamoja naye. Ndivyo walivyofanya kwa miaka mitatu. Lakini leo Hezekiah alikuwa nyuma amelikanyaga jiwe lake, na Kilonzo alikuwa na haraka ya kuondoka mbele ya macho ya watu. Alichomoa pini. Mkono wa trela ukaruka juu kama umefyatuka, ukampiga chini ya kidevu, akakaa kitako juu ya lami.

"Asi! Baba Yvonne!" Kanyiva alimshika kichwa. Damu ilikuwa inashuka shingoni hadi kwenye kile kifungo.

Dereva wa Canter hakucheka. Alivuta trela hadi juu, akasaidia kulirudisha kwenye ndoano, Hezekiah akiwa amekalia mahali pake, na Kilonzo alipoingiza mkono mfukoni akasema, "Hapana, mzee. Sisi ni watu wa kazi moja."

Afadhali angeomba pesa.

*

Nyumbani, kidevu cha Kilonzo kilioshwa na kubandikwa plasta. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka ishirini na sita kabla ya kupunguzwa kazi, na pesa alizoagwa nazo ndizo zilizonunua mahema, viti na trela. Pijo ilikuwa yake tangu zamani. Alipoamka asubuhi aliisalimu kabla ya kumsalimu mkewe, na Kanyiva hakuona wivu, kwa sababu gari lilihitaji salamu zaidi ili liwake.

"Yvonne," alimwita binti yake aliyekuwa likizoni kutoka chuo cha uhazili. "Lete kadibodi na kalamu ile nene. Niandikie INAUZWA. Herufi kubwa."

Yvonne alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukuta. Yvonne akaandika.

"Mbona hukuweka namba ya simu?"

"Uliniambia niandike inauzwa, baba. Namba hukuniambia."

"Hata wewe!" Kilonzo aliliweka kadibodi magotini. "Sikilizeni. Pikapu iende, trela iende, mahema yaende. Mimi nirudi Mwala, nifuge mbuzi. Hapa Nairobi nimekuwa mtu wa kusukumwa mlimani."

"Na mimi?" Kanyiva aliuliza.

"Wewe ubaki na Yvonne mpaka amalize chuo. Unaweza kuuza nguo za mitumba. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

Alilisema hilo la mwisho akitazama plasta kwenye kioo kidogo cha ukutani. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo hawakuwahi kulala mbali mbali zaidi ya juma moja, wakati wa mazishi. Kanyiva aliondoa vikombe mezani kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika.

Simu ikalia. Alikuwa Virginia, mama yake Shiku, wa Uthiru, mweka hazina wa chama cha akina mama ambacho hakikupitisha mwezi bila sherehe.

"Mama Yvonne, nimesikia mmelala Valley Road."

"Hatukulala. Tulipumzika."

"Haya. Mimi Jumamosi naoza. Ni msichana wangu mmoja tu, na watu wa bwana arusi wanafika saa nne. Nataka hema zimesimama saa tatu. Na huu mlima wetu unaujua, hauna lami."

"Naujua."

"Basi nikwambie ukweli, kwa sababu sisi ni marafiki. Akina mama wanaangalia. Mkifika vizuri, sherehe za chama mwaka mzima ni zenu. Msipofika, kuna mtu wa Canter tayari nimeongea naye."

Kanyiva alirudisha simu mezani. Kilonzo alikuwa amesikia kila neno. Mama Shiku alizungumza kwenye simu kana kwamba Uthiru ni Kisumu.

"Nipe mpaka Jumamosi," Kanyiva alisema. "Gari ikikataa ule mlima, mimi mwenyewe nitashikilia hiyo kadibodi barabarani. Ikipanda, hutaniambia tena habari ya mbuzi."

"Ukiipandisha na nini? Maombi?"

"Nina elfu sita."

Kilonzo alicheka, kidevu kikamuuma, akaacha.

*

Fundi wao aliitwa Njuguna, naye alifanya kazi Grogani, kule chini ya Ngara ambako mwenye gari aliyeibiwa kioo cha taa asubuhi huweza kukinunua tena mchana. Alifungua boneti, akamwambia Kilonzo awashe, akainamisha sikio.

"Imechoka, mzee. Hii mkitaka ivute trela, muweke injini ingine. Naweza kuwatafutia ya Japani, safi. Sitini."

"Sitini nini?" aliuliza Kanyiva.

"Elfu, mama."

Kilonzo alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni, lakini pia kwa kuridhika kidogo. Wanaume hupenda gari liwe na ugonjwa mkubwa. Ugonjwa mdogo huwaaibisha, kwa sababu walipaswa kuutibu wenyewe.

"Njuguna," Kanyiva alisema, "kwa elfu sita gari hii inaumwa nini?"

Njuguna alicheka mpaka akashika boneti. "Kwa elfu sita, mama, inaumwa homa."

"Basi tibu homa."

"Lakini sitaki kesho useme Njuguna ni fundi mbaya."

"Nitasema ukiacha kazi nusu. Anza."

Njuguna alianza. Alitoa kichujio cha hewa na wote watatu wakakitazama: kilikuwa cheusi kama sufuria ya githeri. Plagi mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha. Kabureta ilikuwa na uchafu wa kutosha kupanda sukumawiki. Kilonzo alifunga kifungo chake cha juu.

"Na haya?" Njuguna aliuliza, akigonga magunia manne nyuma ya pikapu.

"Kokoto," alisema Kilonzo. "Bila hayo magurudumu yanateleza nikivuta. Hayashiki barabara."

"Na ukiwa huna trela?"

"Bila trela hayatelezi."

Njuguna aliinua mabega. Yeye alikuwa mtu wa injini. Kanyiva alilisikia jibu hilo, akaona kuna kitu ndani yake, lakini hakujua ni nini. Akawaacha, akapanda kwenda Ngara kununua kamba za mahema kwenye maduka ya jumla.

*

Nje ya duka la kamba, mtu mmoja alikuwa akipakia magunia ya viazi kwenye mkokoteni. Aliitwa Kuria, jina alilokuwa ameliandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa nyuma pamoja na maneno MUNGU MBELE. Alikuwa ameshapakia magunia saba. Aliinua mikono ya mkokoteni, akapima, akatukana kidogo, akashusha. Akatoa gunia moja la nyuma, akalibeba mgongoni, akaliweka mbele. Akapima tena.

Kanyiva alisimama na kamba zake.

"Mathee, mbona unaniangalia hivyo? Ni kama nimekuibia."

"Nauliza tu. Kwa nini umetoa hilo gunia nyuma?"

"Ikikaa nyuma, mkokoteni inaniinua. Miguu inacheza hewani. Sasa nitavuta na nini?"

"Na ukiweka yote mbele?"

"Hapo itanikalia. Nitatembea nimeinama mpaka Gikomba." Kuria alifikiri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake isipokuwa bei. "Inafaa ikae mkononi kama mtoto amelala. Unasikia uzito wake, lakini hakusumbui."

Kanyiva aliona akilini kidevu cha mumewe. Aliona mkono wa trela ukiruka. Akamwona Mzee Hezekiah, kilo themanini na Biblia, amekaa juu ya kile chuma siku zote hizo, na hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza chuma kinataka kwenda wapi.

"Ngoja. Miguu ikicheza hewani, ukijaza mawe mfukoni utasaidika?"

Kuria alicheka hadi akakaa juu ya viazi. "Mathee! Nani huyo anabeba mawe mfukoni?"

"Bwana yangu," Kanyiva alisema, akaondoka haraka.

*

Jumatano alasiri, mbele ya nyumba yao Jamhuri, trela lilisimama bila pikapu, limepakiwa kama kawaida: viti mbele, vimepangwa hadi juu; nyuma kabisa, vyuma vya mahema. Vilikuwa vyuma vya mita moja na nusu, vimelazwa kukingama, na juu yake mifuko ya vigingi vya chuma, nyundo kubwa mbili na maturubai yaliyokunjwa. Mzee Hezekiah alikuwa amekalia mkono.

"Mzee, toka hapo," Kanyiva alisema.

"Nikitoka itaruka, Mama Yvonne."

"Ndiyo nataka iruke. Baba Yvonne, simama mbali."

Kilonzo alishika kidevu chake, akasimama mbali. Hezekiah aliteremka polepole, na mkono wa trela ukapanda hadi ukaelekea paa la jirani.

"Hiyo ndiyo inavuta pikapu juu kila siku," Kanyiva alisema. "Vyuma viko nyuma, trela linalala nyuma, mkono unainua matako ya Pijo. Magurudumu yanabaki hewani, hayana cha kushika. Wewe ukaweka kokoto. Sasa injini inavuta viti, inavuta hema, inavuta na kokoto. Hata mimi ningezimika."

"Umeyatoa wapi haya?"

"Ngara. Kwa mtu wa mkokoteni."

Alipaswa kusema ameyatoa kanisani, au kwenye redio.

"Nimekaa na mitambo miaka ishirini na sita," Kilonzo alisema. "Leo nafundishwa na mkokoteni."

"Mkokoteni wake haujawahi kulala Valley Road."

Yvonne, aliyekuwa anaanua nguo, aliingia ndani ili acheke.

Lakini Mzee Hezekiah hakucheka. Alikuwa amepanga vyombo vya sherehe tangu kabla Kilonzo hajawa na hema hata moja, na kanuni yake ilikuwa moja. "Hema hutoka kwanza, Mama Yvonne. Kwa hivyo hema huingia mwisho. Ukiweka vyuma mbele, viti vikae mlangoni, itabidi nishushe viti mia mbili kwanza. Nitaviweka wapi? Kwa tope? Halafu mtu na suti yake ya arusi akalie tope?"

Mzee alikuwa na haki. Kanuni yake ndiyo iliyowavunja mgongo, lakini haikuwa kanuni ya kijinga. Ilizaliwa na tope la kweli na suti za kweli.

"Tutaongeza mtu wa kushusha," Kanyiva alisema.

"Na muda? Hema saa tatu," Hezekiah alimkumbusha kwa upole.

Kilonzo aliwaacha wakibishana. Aliingia kwenye Pijo, akafunga mlango, akakaa na mikono juu ya usukani. Kanyiva alimwona kupitia kioo na kitu kikamchoma. Kadibodi la INAUZWA lilikuwa nyuma ya kiti, kona moja ikionekana. Alifikiri: nimemwaibisha mbele ya mpakiaji wake na binti yake, na bado hatujafika popote. Alitaka kwenda kumwambia kitu laini, lakini hakuwa hodari wa vitu laini. Akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi na kikombe, Kilonzo alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa trela, mbele, na kipande cha chaki. Alikuwa amechora mstatili mkubwa juu ya bati.

"Nini hiyo?"

"Mlango." Hakuinua kichwa. "Vyuma si vinalala kukingama? Basi vikikaa mbele, na mlango ukiwa hapa ubavuni, Mzee anavivuta tu kutoka upande, kimoja kimoja. Viti havishushwi hata kimoja. Hema inatoka kwanza, na mzigo uko mahali pake."

Mzee Hezekiah aliinama akachungulia ule mchoro wa chaki kana kwamba mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Alinyoosha mkono, akavuta chuma kimoja hewani, kisha cha pili.

"Itawezekana," alisema. "Ukiniwekea komeo nzuri."

"Huyo mtu wako wa mkokoteni," Kilonzo alimwambia mkewe, "hana mlango, sivyo?"

"Hana."

"Basi." Akachukua chai.

Alhamisi walipeleka trela kwa mchomeleaji wa kando ya Ngong Road. Alitaja bei, Kanyiva akataja yake, wakakutana karibu na ya Kanyiva kwa sababu alikuja na bawaba zake mwenyewe, alizozing'oa kwenye geti la zamani. Jioni Hezekiah alitia grisi magurudumu ya trela, ambayo hayakuwa yameonja grisi tangu yanunuliwe, na Kilonzo akajaza upepo tairi zote. Ijumaa walipakia. Vyuma viliingia mbele, maturubai juu yake, viti vikafuata nyuma. Magunia ya kokoto yalishushwa, na Yvonne akaweka vyungu vya maua juu yake. Katika elfu sita zilibaki mia mbili, na zikaingia kwenye petroli.

Usiku huo mvua ikanyesha.

*

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu walikuwa Barabara ya Naivasha, wanapita Kawangware. Trela liliwafuata kimya. Kilonzo alilitazama mara nyingi kwenye kioo.

"Halitikisi mkia," alisema.

"Angalia barabara," Kanyiva alisema.

Mlima wa kwa Mama Shiku huanza mtoni. Unashuka kwanza kati ya migomba, unavuka daraja jembamba, halafu unapanda barabara ya murram, udongo mwekundu mtupu, yenye kona moja katikati. Walisimama kabla ya kushuka. Kule juu, ng'ambo, walimwona Mama Shiku na akina mama wa chama wamejipanga na leso zao zinazofanana, kama wanasubiri gavana wa benki. Kando yao ilisimama Canter nyeupe.

"Amemwita," Kilonzo alisema. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha juu.

"Amemwita asimame. Hajamwita ashushe mzigo." Kanyiva alimtoa mkono huo shingoni akaurudisha kwenye gia. "Weka ya pili sasa. Usingoje ikuombe."

Kilonzo alikuwa na tabia ya kupanda mlima kwa gia ya tatu mpaka gari lifedheheke, kwa kuwa kubadilisha mapema alikuona kama kukiri udhaifu. Aliweka ya pili. Waliteremka polepole injini ikilalamika, wakavuka daraja, wakaanza kupanda.

Mzee Hezekiah alikuwa na jiwe mapajani na mkono kwenye kitasa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Huenda ilikuwa sala, huenda alikuwa anahesabu hatua za kuruka. Walipofika kwenye kona, murram ililainika. Magurudumu ya nyuma yaliteleza, mara moja, kwa sauti ile ile ya Valley Road.

"Usikanyage zaidi," Kanyiva alinong'ona. "Iachie."

Kilonzo aliiachia kidogo. Safari hii kulikuwa na uzito juu ya magurudumu hayo. Yalizama kidogo, yakauma udongo, yakashika. Pijo ilitetemeka yote, vioo, viti na meno ya Hezekiah, ikazunguka kona, ikaendelea kupanda bila haraka.

Walipofika juu hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Shiku alitazama saa yake.

"Saa moja na dakika kumi," alisema. "Mama Yvonne, mmefika hata kabla ya maziwa." Kisha akamgeukia dereva wa Canter. "Asante, kijana wangu. Kunywa chai kabla hujaenda."

Kijana yule alivua kofia yake ya sufu, akalizunguka trela, akasimama mbele ya ule mlango mpya wa ubavuni. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Mzee," alimwambia Kilonzo, "hii ni akili ya nani?"

Kilonzo alimtazama mkewe. "Ya watu watatu," alisema. "Mmoja yuko Ngara na hajui."

Hezekiah alikuwa ameshuka na jiwe lake bila kupata pa kuliweka. Kwa mazoea alikwenda akakalia mkono wa trela. Kilonzo akachomoa pini. Mzee aliteremka polepole, kwa uangalifu wa miaka mitatu, mikono yake ikiwa bado juu ya chuma. Chuma hakikwenda popote. Alijaribu kukiinua mwenyewe, na kikamwelemea kidogo tu.

Alisimama pale, mtu aliyemaliza kazi yake bila kuambiwa.

"Sasa mimi nitakalia nini?"

"Kalia kiti, Mzee," alisema Kanyiva. "Tumekuja navyo mia mbili."

*

Saa mbili na nusu mahema matatu yalikuwa yamesimama, na chini yake viti vikavu, safu kwa safu. Kanyiva alikuwa anafunga kamba ya mwisho aliposikia sauti ya Mama Shiku.

"Wageni watapotea kule kwa barabara kubwa! Nani ana kadibodi?"

"Mimi ninalo," Kilonzo alijibu.

Alilitoa nyuma ya kiti cha Pijo, akaligeuza upande mweupe, akaandika mwenyewe ARUSI YA SHIKU kwa herufi zilizolalia upande mmoja, na mshale uliopinda. Akashuka nalo kwa miguu, kidevu na plasta yake mbele. Kanyiva akamfuata na nyundo, kwa kuwa alijua ameisahau.

Walipofika njia panda alilishikilia kadibodi kwenye nguzo ya mti ya ua, akarudisha kichwa nyuma kulitazama.

"Mwandiko mbaya."

"Unasomeka."

Upepo ulilipindua. Upande wa pili, kwa mwandiko mzuri wa Yvonne, INAUZWA ilionekana wazi kwa yeyote anayetoka arusini. Akina mama wawili wa chama waliokuwa wanapita na masufuria walisoma, wakasimama.

"Woi! Nani anauzwa? Ni Shiku?" mmoja aliuliza, na mwenzake akacheka hadi kifuniko kikaanguka.

Kilonzo alifunga kifungo chake cha juu. Halafu, kwa sababu Kanyiva alikuwa anacheka pia, akakifungua.

"Liweke vizuri," Kanyiva alimwambia. "Hilo neno liangalie mti. Hapa hakuna kitu kinauzwa."

Kilonzo alilibandika bapa kwenye nguzo, akapigilia misumari minne, ingawa miwili ingetosha.